Beseni la Mausi

Rufaa ya mdogo wangu ilikuwa imeshajazwa yote: jina, namba ya ajira, miaka yake kumi na tisa ya uuguzi, sababu za kupinga uhamisho, barua ya daktari wa mama. Kilichobaki ni kubonyeza palipoandikwa Tuma, na mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi jioni ya siku ile ile. Karani alikuwa ndiyo kwanza anausogeza mshale pale, kengele ya mapumziko ikalia. Bibi Stoo, mtunza stoo wa ofisi, akaingia na beseni lake la plastiki, akaichukua mausi ya kompyuta mkononi mwa karani kama anayemnyang'anya mtoto wembe, akaitupa humo pamoja na nyingine, akatoka.

Huo ndio utaratibu wao. Mausi moja iliwahi kuibwa wakati wa chakula, na tangu hapo zote hulala stoo saa nzima, zimefungiwa kufuli. Aliyeiba hakutafutwa. Walioadhibiwa ni waliobaki, na hilo nimeliona katika kila ofisi niliyowahi kupanga foleni.

Nikangoja kwenye benchi. Mdogo wangu amehamishiwa kituo kilicho safari ya siku mbili. Mama yetu alipigwa na kiharusi mwaka juzi, na toka siku ile hali kitu ila kwa mkono wa binti yake huyo. Mimi nimejaribu. Anafumba mdomo na kunitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Binti akiondoka, mama hamalizi mwezi. Kwa hiyo yeye alibaki nyumbani na kijiko, mimi nikawa miguu yake.

Saa nane na nusu Bibi Stoo akarudi na beseni, akagawa mausi mlango kwa mlango, akaenda zake msibani, funguo za stoo, zilimo mausi za akiba, zikining'inia kiunoni. Karani akaishika ya kwake. Mshale haukutikisika.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Taa inawaka, mzee wangu. Mshale ndio hautaki."

Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa plasta sikioni, na uso wa mtu aliyeomba radhi tangu asubuhi kwa makosa ya wengine. Akaigeuza mausi, akaipuliza tumboni. Akaweka faili chini yake, labda meza inateleza. Akapanda kiti, akatoa betri ya saa ya ukutani, akaitia kwenye mausi. Saa ikasimama, na mausi isiamke.

Zamani mausi ilikuwa na mkia. Ikigoma unaufuata mkia mpaka unapokuta pamekatika. Hii ya sasa haina waya, ikigoma unabaki kukisia kama mzazi wa mtoto mchanga. Na rufaa za karatasi walizifuta mwaka jana. Kompyuta, walisema, itaondoa urasimu. Maneno hayo hayo waliyasema walipoleta karatasi za kaboni. Mimi shule yangu ni ndogo. Nilikuwa mfumaji wa kiwanda cha nguo, wakaniita Spika kwa kuwa sauti yangu ilizishinda mashine. Ila kusahau sijui.

Karani akampigia fundi wa kompyuta, ambaye jengo zima linamwita Zima-Washa.

"Umeweka tiketi kwenye mfumo?" Sauti yake ilisikika hadi kwenye benchi.

"Nitaibonyezaje bila mausi, kaka?"

"Utaratibu ni tiketi kwanza, dada."

"Basi njoo unishike mkono tuibonyeze wote!"

Akaja saa tisa na robo, chupa ya soda mkononi. "Umezima ukawasha?"

"Fomu haijahifadhiwa," nikamwambia. "Ukiizima hiyo, nakuzima wewe."

Akacheka, kisha akaniangalia vizuri akaacha kucheka. Akachomoa kile kidude kidogo kama ukucha kinachokaa ubavuni mwa kompyuta ili kuinasa mausi, akakipangusa, akakirudisha. Wapi. Karani akajaribu kwa vitufe vya kuandikia. Alama ikaruka, ikatua kwenye Futa Yote, akauondoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto.

Saa tisa na nusu ikapita. Karani akaishika tena mausi, akaisugua juu ya faili kwa hasira, huku na huku.

Ndipo ukatoka ukelele chumba cha pili, kupitia kidirisha cha kupitishia mafaili.

"Kuna mtu ndani ya kompyuta yangu! Mshale unakimbia wenyewe!"

Alikuwa mkuu wa utumishi, karejea tu kutoka chakula. Zima-Washa akashusha chupa.

"Dada, hebu isogeze tena."

"Huyo! Huyo tena!"

"Acha."

Kimya.

"Sogeza."

"Jamani, anafungua mafaili!"

Zima-Washa akashika kichwa. "Bibi Stoo anakusanya mausi, lakini hivi vidude vya ubavuni, kila kimoja na mausi yake, haviondoi. Anadhani ni sehemu ya kompyuta. Na mausi zote nyeusi, zote pacha. Siku zote amebahatisha tu. Leo kachanganya. Yako iko kwa mkuu, na ya mkuu unayo wewe."

Kama kumthibitishia, mshale wa kwetu ukaruka. Mkuu alikuwa anaitikisa ya kwake.

"Mkuu, usibonyeze!" karani akalia. "Tafadhali, usibonyeze!"

"Tupe hiyo mausi tubadilishane, mkuu," fundi akasema kidirishani.

"Haingii mtu, wala hakitoki kitu! Nimewapigia makao makuu. Kila kitu kibaki kilivyo mpaka kesho."

Sauti ile niliijua. Miaka ishirini na minne iliyopita ilisoma majina kumi na mawili ya waliofukuzwa kazi kwenye geti la kiwanda, la kwanza likiwa langu. Kijana wa ofisi ya utumishi, tai imemkaba. Yeye hanikumbuki. Wasomaji wa majina hawakumbuki.

Nikainama kidirishani. Kwenye kioo cha kompyuta ya mkuu kulikuwa na orodha ya uhamisho, jina la mdogo wangu la nne kutoka juu, na mbele yake kitufe: Ondoa. Mshale uliokuwa karibu nacho ulikuwa mkononi mwa karani. Nusu shibiri tu. Naye aliona ninachokiona.

"Nikifanya?" akanong'ona.

Nilitaka, na sitadanganya hapa. Lakini wale kumi na mmoja wengine pale getini, mimi ndiye niliyewaambia wazime mashine. Wakazima. Nawajua mmoja mmoja walikoishia.

"Toa mkono, mwanangu," nikasema. "Mzigo huu si wa kwako kuubeba."

Akautoa. Nikamvuta Zima-Washa kando, nikamnong'oneza sikioni. Akatabasamu mara ya kwanza siku ile, akarudi kidirishani.

"Mkuu, ishike mausi yako. Naipima kutokea huku. Sogeza kulia, taratibu."

"Mbona kwangu mshale hauendi?"

"Ndiyo maana naipima, mkuu. Kulia tena. Umepita. Rudi. Chini kidogo, kama unapangusa vumbi."

Mshale wa kwetu ukaja ukitetemeka, ukakaa juu ya Futa Yote. Karani akajiziba mdomo.

"Usibonyeze bado! Chini. Chini tena, mkuu wangu. Hapo hapo. Pumua. Sasa bonyeza. Mara moja tu."

Mausi ikalia tik, chumba cha pili.

Kioo chetu kikawa cheupe, kikawaza, kikawaza. Kisha: Rufaa imepokelewa. Namba. Saa tisa na dakika hamsini na mbili.

"Hakijatokea kitu!" mkuu akafoka.

"Ndivyo tulivyotaka, mkuu. Asante."

Karani alicheka bila sauti hadi miwani ikamdondoka, kisha akachapisha risiti na kunipa kwa mikono miwili.

"Nani anaziamua hizi?" nikamuuliza.

Akakielekezea kidevu kidirisha.

Nilikaa tena kwenye benchi. Nikampigia mdogo wangu.

"Imepokelewa."

"Imekubaliwa?"

"Imepokelewa. Majibu siku kumi na nne."

Nilisikia kijiko kikigusa bakuli, kikasimama, kikagusa tena.

"Haya," akasema. "Rudi basi ukae na mama, kaka, nami nilale hata saa moja."