Herufi Isiyoanza Neno

Firas alikuwa na miezi saba ya Kijerumani, aliyoiokota kwa kuwatembeza wazungu ngomeni Nizwa, na kwa majivuno yake ungedhani kazaliwa Berlin. Ndiyo maana Bi Sheha alimpigia simu aje nyumbani kwake, Ibra. Mumewe, Khalaf, alikwenda Ujerumani kwa kazi ya uchapaji. Mwaka na nusu sasa, si simu si waraka. Leo imekuja barua, lakini mwandiko si wake.

"Shikamoo, Bi Sheha."

"Marahaba, baba. Kaa usome. Na hii B mbona imeshuka tumbo?"

Kidole chake kilikuwa juu ya ß, kwenye jina la mtaa, Straße.

"Hiyo si B. Ni S mbili zimeoana, zikahamia chumba kimoja." Firas akanyoosha kanzu yake ya dishdasha kama mwalimu mkuu. "Huja baada ya irabu iliyovutwa: straaase. Irabu ikiwa fupi, S zinakaa mbalimbali kama wakewenza. Na haianzi neno, hata upekue kamusi nzima. Kazi yake kungoja wenzake watangulie."

"Maskini. Kama mimi," akasema Bi Sheha, wakacheka wote wawili.

Kusema kweli, Firas kila mstari alishika neno moja akaruka matano, na porojo lote la herufi lilikuwa la kuvuta muda. Mstari wa nne akakutana na gestorben. Hilo halikutaka kamusi. Hulisema kila siku ngomeni, akiwasimulia watalii habari za maimamu waliokufa. Akaacha kusoma.

"Sema, Firas."

"Amefariki, mama. Inna lillahi..."

Bi Sheha hakulia. Alivua bangili, akaziweka juu ya friji, akafungua kabati kutafuta nguo nyeupe ya eda. "Lini?"

"Tarehe tisa, mwezi wa tano. Mwaka jana."

Mikono ikaganda kabatini. Miezi minne na siku kumi ya eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya kupata habari. Ndivyo walivyofunzwa wote nyumbani humo. Siku ambazo angekaa ndani, yeye alikuwa harusini kwa mpwa wake, Tamima, hina mpaka viwikoni.

"Firas, mwanangu. Shemeji yangu yuko njiani. Msomee kuwa kafa mwezi uliopita."

"Bi Sheha..."

"Miaka ishirini na sita nimekaa naye. Niache nimkalie eda."

Mahrous, nduguye Khalaf, akaingia, Bi Sheha akampa habari ya kifo. Firas akafumbua mdomo, tayari kwa uwongo wake wa kwanza usio wa kuchekesha, lakini Mahrous alikwisha kumpokonya karatasi. Kijerumani hakujua hata salamu, tarakimu alizijua, na tarehe baruani ilikuwa moja tu: 09.05.2001.

Akakaa, akajifuta macho kwa kilemba. "Allah amrehemu ndugu yangu. Khalas, basi, eda hakuna. Funga kabati, Sheha."

Hakufunga.

Jirani yao, Rahila, aliyasikia yote mlangoni. Akasimama na viatu mkononi, hajui kama ampe mkono wa tanzia mjane ambaye siku zake zimekwisha kabla hajajua kuwa kafiwa. Akamtazama Mahrous. Mahrous akatazama zulia.

"Makiwa, dada," Rahila akasema mwishowe, chini chini kama anayeiba.

"Tunayo!" Bi Sheha akajibu kwa sauti ya kufika barabarani, akaivuta ile nguo nyeupe.