Hodi Tatu Mlangoni kwa Matar

Ameir bin Rajab hakuwa mtu wa safari. Tangu astaafu kazi yake ya posta, mwendo wake mrefu ulikuwa kutoka ghorofa ya nne Thamesmead, London, anakokaa mpaka soko la Woolwich, kununua muhogo na kubishana na muuzaji kama umeoza au haujaoza. Basi msikitini walishangaa alipowaaga mwezi wa Oktoba. "Nakwenda Kanada," alisema, "kumtazama kaka." Habari yake na huyo kaka walikuwa wanaijua, na baadhi yao walikuwepo makaburini siku ile.

Habari yenyewe ni hii. Mapinduzi yalipowatoa Unguja, Ameir na mama yake walifikia London, na Matar, kaka yake mkubwa, akaangukia Kanada, huko kando ya ziwa, akawa fundi wa mashine za boti. Mama alipofariki, Matar alipiga simu akasema, "Niko njiani, nisubirini." Ameir hakusubiri. Yeye ni mtu wa taratibu, bwana, taratibu zimemkaa mpaka kwenye mifupa. Maiti hawekwi, alisema, na alasiri ile ile mama akazikwa. Matar alifika kesho yake asubuhi, begi mkononi, akaonyeshwa udongo mbichi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeninyima mama yangu, Ameir," akarudi zake Heathrow. Miaka kumi na mmoja ikapita hawasemezani.

Sasa Ameir alikuwa ametimiza miaka sabini na mbili, na kaka yake alikuwa mkubwa zaidi. Alikuwa na hofu moja tu duniani, kwamba mmoja wao atakufa kabla hawajapatana. Akakata shauri. Akafunga pakiti ya halua kwenye mfuko wa duka la Woolwich, akapanda ndege, kisha basi refu la kuelekea kaskazini. Hakumwarifu mtu. Kwa ndugu yako unakwenda tu, unapiga hodi, unaingia.

Mji unaitwa Port Ansell, na Ameir hakuupenda. Una barabara moja, kanisa, na duka linalouza maziwa na minyoo ya kuvulia samaki katika friji moja, astaghfirullah. Wenyeji wa kudumu ni wachache. Waliobaki ni watu wa mjini wenye nyumba za mbao kandokando ya ziwa, wanazikalia wakati wa joto, na baridi ikianza kuingia wanazifunga na kuondoka. Alizikuta zimefungwa. Magati yamevutwa nchi kavu, boti zimefunikwa plastiki nyeupe, na viti vya mbao vimepangwa vinaangalia maji, hakuna hata mmoja aliyevikalia. Nyumba nzima nzima zinalala tupu, alijisemea, na kwetu Thamesmead watu wanasubiri chumba mpaka mvi. Ziwa lenyewe lilikuwa zuri, hilo alikubali. Ila halina harufu. Maji mengi kiasi kile, na hayanuki chumvi hata kidogo.

Nyumba ya Matar alielekezwa na mwenye duka la minyoo. Ilikuwa mwisho wa njia, imepakwa rangi ya kijani, na banda la mashine ubavuni. Pembeni mwa mlango palikuwa na kengele, kidude cheupe kilichochorwa taa. Ameir alikitazama kwa dharau. Kengele ni za watu wa umeme na wauza bima. Akarekebisha kofia, akakohoa kidogo, akaita.

"Hodi!"

Kimya. Akangoja, kama alivyofundishwa, akaita tena kwa sauti ya juu. Kimya. Kupitia kioo cha pembeni alimwona Matar mwenyewe, amekaa kwenye baraza ya nyuma, mgongo huku, uso kwenye ziwa. Alikuwa macho. Aliinua kikombe, akanywa, akakirudisha mezani taratibu. Ameir akausogelea mlango.

"Hodi, kaka! Ni mimi, Ameir!"

Matar hakugeuka hata shingo. Akanywa tena.

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, mwenye nyumba hakutaki, na adabu ni kurudi ulikotoka bila kinyongo. Hivyo ndivyo alivyolelewa Ameir, na hivyo ndivyo alivyofanya, ila kinyongo alikuwa nacho tele. Zawadi hairudi na mwenyewe, kwa hiyo aliuweka mfuko wa halua kwenye ngazi, akaenda zake. Mama mwenye nyumba ya wageni alikolala usiku ule alimuuliza kama amelipenda ziwa. Akajibu kwamba ni zuri sana.

Thamesmead walimuuliza habari za Kanada. "Kaka hajambo," alisema. "Ametia pamba masikioni." Hakuongeza neno, na wao wakaona haya kumchokonoa. Lakini nyumbani alikuwa hali chakula vizuri. Alikuwa akipika, anakitazama chakula, anakifunika.

Wiki ya pili simu ikalia. Alikuwa Time, binti wa Matar, aliyezaliwa kule kule na kuolewa Toronto. Kiswahili chake kinachechemea, lakini kinafika.

"Ami, mbona umemfanyia Baba hivi? Kaona halua na mfuko wa Woolwich. Anasema umekuja mpaka mlangoni, umemwachia sadaka kama maskini, ukaondoka. Ana hasira, hasemi na mtu."

"Ana hasira yeye?" Ameir alifoka. "Nimepiga hodi mara tatu namwona kwa macho yangu anakunywa chai! Mimi ndiye wa kuulizwa?"

"Ulibonyeza kengele?"

"Kengele ya nini? Nimepiga hodi!"

Time akasema polepole, "Oh, Ami. Baba hasikii. Mashine za boti zimemmaliza masikio, miaka minne sasa. Ile kengele inawasha taa ndani. Usipoibonyeza, hajui kama kuna mtu."

Ameir akakaa kitako sakafuni, hapo hapo chini ya simu. "Mbona hamkuniambia?"

"Alitukataza. Hataki uje kwa kumwonea huruma."

Mzee mzima akalia, na hakujificha. Alilia kwa ujinga wake, na kwa ule mgongo alioutukana njia nzima mpaka Heathrow. Time akamwacha amalize, kisha akaenda kumwandikia baba yake kila neno kwenye karatasi.

Siku ya tatu akapiga tena. "Baba anakuja Jumamosi. Usiende kumpokea uwanjani, kakataa. Anasema atapiga hodi mwenyewe."

Jumamosi Ameir alifukiza udi nyumba nzima, akapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akakaa karibu na mlango. Mwenyeji hangoji barabarani, anangoja ndani. Mchana ukapita. Mara simu ya mlango wa chini ikalia, na sauti aliyoisikia mara ya mwisho makaburini ikasema, nzito, ya kukwaruza, "Hodi."

"Karibu! Karibu, kaka!" Akabonyeza kifungo cha kufungua. "Sukuma mlango, uko wazi!"

"Hodi," ikarudia sauti.

"Sukuma!" akapiga kelele Ameir, na neno halijamtoka vizuri akajipiga kofi la paji la uso. Anampigia kelele nani? Mlango ungelia siku nzima, Matar asingejua kama umefunguka. Na hapo ikaja ya tatu.

"Hodi."

Ya tatu! Ameir alijua ya tatu maana yake nini, nani anajua kuliko yeye? Mama yao mmoja, malezi mamoja. Akatoka mbio na kikoi chake, miguu mitupu. Lifti ilikuwa juu huko, hakuiwekea tamaa, akashika ngazi. Magoti yalimlilia, akayaacha yalie. "Usiondoke," alikuwa akisema peke yake, ghorofa hadi ghorofa. "Usiondoke, kaka, wallahi usiondoke." Alikwisha kumwona akilini anavuka barabara, begi mkononi, kama siku ile.

Alipofika chini, Matar alikuwapo. Amesimama nyuma ya kioo, amekonda, mgongo umepinda kidogo, kidole juu ya kifungo, na midomo inacheza. Alikuwa anasema hodi. Ya tatu alikuwa ameipita zamani, na alikuwa bado anasema.

Ameir akaufungua mlango. Matar akamtazama midomo, kisha akayateremsha macho mpaka kwenye miguu mitupu ya ndugu yake.

"Nimekusubiri," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mpaka jengo zima likasikia.

Ameir akaubusu mkono wa kaka yake, akampokea begi.