Mapumziko ya Sajini Gaster

Sajini Gaster Okiror, askari magereza wa Jinja, alijifunza kupumzika akiwa mtu mzima mwenye mvi, na tangu siku hiyo hakuna jirani yake mtaani Nalufenya aliyepata raha.

Ilianza mwaka wa tisini na sita, alipoanguka gwaride likiendelea. Daktari alisema ni uchovu. Mchungaji aliyekuja kumjulia hali akasema ni dhambi, maana mtu asiyeacha kazi hata Jumapili moja anamwambia Mungu kwamba dunia itaanguka asipoishikilia yeye. Maneno hayo yalimwingia. Gaster alitubu kwa machozi, na kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo nusunusu, aliishika Jumapili kwelikweli. Akitoka kanisani alivua viatu, akala, akajilaza sebuleni mkekani na Biblia kifuani. Pazia lilishushwa. Watoto wake, Tonny na Daphine, walifukuzwa wakacheze mbali. Redio ya jirani ilizimwa, kwani nani atabishana na sajini? Jioni alioga maji ya moto huku akiimba. Tusimsingizie: mtu huyo alikuwa akikutana na Mungu wake pale mkekani. Chakula kilikuja chenyewe, na maji yalikuja yamekwisha chemka, naye hakujisumbua kuuliza yalikotoka.

Habari zake zilifika Mbale. Ndugu waliookoka wa Namatala, mtaa wa huko, wengi wao wanajeshi, polisi na watu wa magereza, walimwita aje awaeleze jinsi Mkristo anavyopumzika. Gaster alifurahi mno. Siku ya safari Docus, mkewe, aliamka majogoo hawajawika ili amenye ndizi, atwange karanga, apike, apige pasi suti ya mumewe na kuwaandaa watoto, maana mgeni wa heshima haendi mikono mitupu. Gari lilipopita Busiu, karibu na Mbale, alikuwa bado akijifuta utomvu wa ndizi vidoleni, nao ulikataa kutoka.

Ibada ilikuwa nyumbani kwa Mzee Yekosofati, kiongozi wa ndugu hao. Kwao ilikuwa desturi kwamba mume akishuhudia, mke husimama baada yake kuthibitisha. Bila neno la mke, ushuhuda wa mume haukuwa na uzito wowote.

Gaster alishuhudia vizuri. "Nyumbani kwangu, Jumapili hakuna kazi," alisema. "Hakuna kabisa. Hata ufagio unapumzika." Watu wakaitikia amina, wengine wakitikisa vichwa kwa wivu mtakatifu.

"Asante, Afande," alisema Mzee Yekosofati. "Sasa mama atupatie neno lake."

Watu wakageuka. Docus alikuwa amelala pale pale kwenye benchi la wanawake, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi. Mtu akacheka kwa pua, kicheko kikaenea.

Aibu ilimpanda Gaster mpaka masikioni, na mwanzoni aliona aibu kwa sababu ya mkewe. Amemtoa Jinja kote huko ili aje amdhalilishe mbele za watu. Akapita katikati ya mabenchi, akamtikisa bega, wala si kwa upole.

Docus akaruka, akasimama wima, mikono ubavuni. "Ndiyo, Afande," alisema. "Maji yako iko tayari."

Hakuna aliyecheka tena. Wale walikuwa watu wa kambini. Sauti ile waliijua. Gaster naye aliijua. Yeye ni Mteso na Docus ni Mgisu, makabila yenye lugha tofauti, hivyo nyumbani walizungumza Kiswahili walichokiokota kambini, lakini miaka yote mkewe alimwita Baba Tonny. Waliomwita Afande kwa sauti ile ni wafungwa. Akaviona vidole vile vyeusi kwa utomvu. Akazikumbuka sahani zote na ndoo zote za Jumapili, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Namono, mke wa mzee, alimshika Docus mkono. "Njoo ulale ndani, dada. Hawa waendelee."

Ndugu wakamngojea Gaster. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kutubu, na kila mtu alijua. Angesema tu kwamba ametoa ushuhuda wa uongo, wangemkumbatia na kumwimbia.

"Mumuombee mke yangu," alisema. "Hajisikii vizuri."

Akaketi. Wakamwombea Docus afya kwa bidii, na kila amina ilimchoma Gaster, naye akaziitikia zote.

Jumapili iliyofuata alitaka kurekebisha mambo. "Leo wewe ndiyo unapumzika," alimwambia Docus. "Lala." Akamshushia pazia, akaurudishia mlango wa chumba, akaingia jikoni. Aliunguza ndizi. Aliwakaripia watoto kwamba mama yao amelala. Kila baada ya muda mfupi aliacha sufuria, akafungua mlango kidogo na kuchungulia, na kila mara alimkuta Docus amenyooka chali, macho wazi, anasikiliza.

"Mbona hulali?" aliuliza mwishowe. "Nimekuambia upumzike."

Docus alimtazama kwanza, kama mtu anayepima kama ni salama kusema. Kisha alijibu polepole, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikomuumiza mumewe.

"Baba Tonny, nitapumzika namna gani na wewe unanichunga?"

Gaster aliondoka mlangoni, akatoka nje na kuketi barazani, uso moto kwa fedheha. Hata zawadi yake ilikuwa amri. Baada ya muda akasikia kijiko kikikwangua sufuria iliyoungua. Mkewe ameamka, yuko kazini.

Gaster akaingia jikoni. Miguu ilikuwa mizito kuliko siku ile ya gwaride.

"Docus, kule Namatala nilisema uongo."

Docus hakugeuka. "Na mimi nikaombewa ugonjwa ambao sina," alisema.

Gaster akamwomba radhi hapo hapo, akiwa amesimama, watoto wakisikia. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kumwambia, likatoka vibaya, kwa kukwamakwama, na alipolimaliza hakujua aitazame sufuria au sakafu. Docus akaweka kijiko chini, akanawa mikono, akaenda chumbani, akaufunga mlango kwa ndani, asichunguliwe tena.