Hiza na Gitaa la Pedeli

Mtu akikwambia tenisi na gitaa la pedeli ni vitu viwili mbalimbali, jua hajakutana na Hiza wa Hale. Fundi umeme mstaafu, mgane, kichwa kigumu. Miaka thelathini kacheza tenisi kwenye kiwanja cha nyumba za wafanyakazi, na jamani, hakuwahi kumaliza hata mchezo mmoja. Mpira ukipotelea vichakani, huyo kwake. Banda la kuku kaacha bila paa, choo kaacha bila mlango. Ndiyo maana alipomposa Elina, mwimbaji wa kwaya kule Korogwe mjini, alipata jibu lililonyooka.

"Bwana Hiza, wewe piga wimbo mmoja kanisani, mpaka mwisho. Ukiishia njiani, na posa yako imeishia hapo hapo."

Gitaa lenyewe lilitoka Misima, Handeni. Mgeni fulani aliwaachia wanakwaya wa huko, nao hawakulielewa: limelala chali juu ya miguu minne, nyuzi kumi, na pedeli chini kama cherehani. Wakalifanya meza ya kupigia pasi majoho. Hiza alipoliona tu, macho yakamtoka.

"Hii ni tenisi kabisa!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaeleza, uso mkavu. Mkono wa kushoto unatelezesha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, mguu unakanyaga, goti linasukuma, na mtu yuko pale pale kitini. Si kukimbia kiwanja kizima bila kumaliza soli? Tena kwenye tenisi mpira ukigusa mstari umeingia, na kwenye gitaa chuma kikikaa juu ya mstari uliochorwa chini ya nyuzi sauti imeingia. Kikipita kidogo tu, nje!

Akaliazima, akajifunza wiki saba nyumbani kwake, kavaa kaptula nyeupe na kitambaa cha jasho kichwani. Kila akikanyaga pedeli anaguna, "Hah!" Majirani wakajua ngiri imemzidia.

Jumapili ikafika. Hiza akaketi mbele ya waumini kanisani kwa Elina, joho juu, kaptula chini. Akatelezesha chuma. Sauti ikatoka tamu, ikapanda, ikalia. Kigelegele kikapasua kanisa.

Hiza akaacha kupiga, akainua mkono. "Kimya, tafadhali. Mchezo unaendelea."

Waumini wakadhani ni mbwembwe. Akaanza upya, kigelegele tena. Akaacha tena. Mara tano, mara sita! Mchungaji anatazama saa. Hiza jasho linamtiririka, maana kwenye tenisi watazamaji wakipiga kelele hugusi mpira, na sheria hiyo imeshaingia kwenye damu yake. Alimtaka Elina, alimtaka sana, na sasa alimwona anamponyoka hivi hivi. Hasira zikampanda. Akasimama amtafute huyo mwanamke anayemharibia ndoa.

Alikuwa Elina mwenyewe, kajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Elina! Si wewe uliyeniambia nimalize?"

"Nilikwambia umalize. Nilikwambia nitanyamaza?"

"Basi nyamaza kidogo, mama, nimalize."

"Thubutu! Siku utakapopiga nikanyamaza, Hiza, ujue sikutaki."

Kanisa likawa kimya. Kimya kabisa, kile kile alichokuwa akikililia tangu asubuhi. Kikamtisha vibaya sana. Akajirusha kitini.

"Pigeni kelele!" akawasihi. "Jamani, nawaomba, pigeni kelele!"

Wakapiga. Hiza akakanyaga, akasukuma, akatelezesha, mistari ikamchanganya, chuma kikaenda nje mara nyingi tu. Kila akiguna "Hah!" waumini wanajibu "Amina!" Hakusikia hata sauti moja ya gitaa lake. Wimbo ukapita mwisho wake yeye hana habari, miguu bado inakanyaga, macho kayafumba.

Elina akatoka kwenye kwaya, akamfuta jasho kwa kanga, akakichukua kile chuma mkononi mwake.

"Basi, mume wangu," akasema. "Umemaliza."