Kidevu cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana ndevu. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe ameniruhusu, na kwa sababu mimi ni kinyozi. Ndevu kwangu ni kazi, si habari ya kunong'onezana.

Miaka yote mke wangu ndiye aliyemng'oa ndevu kwa kibano, chumbani, mlango umefungwa na sauti ya redio iko juu. Mimi nikajifanya sijui. Mtu na mkwewe wana heshima yao. Lakini wiki hiyo mke wangu alikuwa amesafiri kumwuguza dada yake, na mama alikuwa na mgeni saa kumi: fundi viatu wa mtaani kwetu, mtu mpole aliyefiwa na mkewe zamani. Huyu fundi alizoea kupita nyumbani kuuliza kama kuna kiatu cha kushona. Viatu vya mama vimeshonwa mpaka vimekuwa nyuzi tupu. Sasa alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja na neno, na mtaa mzima ulijua ni neno gani.

Mchana wa siku yenyewe, duka langu la kunyolea likiwa tupu, mama akaingia kwa mlango wa nyuma, kajifunga mtandio mpaka puani.

"Mkwe, funga macho."

"Nikifunga nitakukata, mama."

"Basi fungua, lakini usiangalie."

Akashusha mtandio. Alikuwa amejaribu mwenyewe kwa wembe. Upande mmoja wa kidevu ulikuwa mweupe na mchubuko juu yake, upande wa pili msitu.

"Ungevaa miwani, mama."

"Nikivaa naziona zote, naishiwa nguvu."

Nikamketisha, nikamfunika shuka shingoni mpaka chini ya magoti, nikampaka povu. Nimenyoa polisi, nimenyoa maiti, lakini mama mkwe sijawahi.

Hata sijagusa wembe, fundi viatu akasukuma mlango wa mbele. Nikamtupia mama taulo usoni.

"Keti, fundi. Namalizia huyu mzee."

"Mzee gani?"

"Mgeni tu. Jino linamuuma, haongei."

Akaketi kwenye benchi. Nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba fundi viatu akiingia mahali hatazami nyuso, anatazama chini. Na chini ya shuka vilikuwa vinachungulia viatu vyekundu alivyovishona kwa mkono wake juzi tu.

Alivitazama weee. Kisha akavua kofia, akaiweka mapajani.

"Kinyozi," akasema, lakini maneno alikuwa anaviambia viatu, "leo nakwenda kwa mama mkwe wako, nimwombe tuzeeke pamoja. Nimekuja uninyoe, maana naogopa. Watu hukataliwa kwa vitu vidogo."

"Kama vipi?"

"Mimi nina kipara. Nakoroma. Yeye ana vinywele kidevuni, nimeviona tangu siku ya kwanza aliponiletea kiatu, amesimama juani. Nikasema, huyu hapa."

Vidole ndani ya viatu vyekundu vikajikunja. Nikajua mama atainuka aende zake, posa ife, na mke wangu akirudi anikute mimi ndiye niliyeiua.

Taulo likasema, "Mkwe."

"Naam, mama."

"Malizia upande wa pili."

"Lakini mama, mwenyewe kasema havimsumbui."

"Vimsumbue vimeota kwake? Vinaniwasha mimi." Taulo halikusogea hata kidogo. "Ukimaliza, mkalishe huyo hapa hapa, umkate nywele za puani. Siku zote zinafika kwenye chai yangu kabla yake. Saa kumi nataka aje mwenyewe."

Fundi akajigusa pua. Kisha akasogea mwisho wa benchi, karibu na kiti, akangoja zamu yake.