Sifuri Arobaini na Moja

Akiru alipopata kazi ya kujaza fomu pale Lodwar, mwezi wa nane mwaka 2012, alifurahi mpaka akakopa shuka jipya dukani ampelekee bibi yake kabla hata hajalipwa. Maskini! Angejua, angebaki anauza vikapu na shangazi yake, akae huko huko na vumbi lake. Lakini nani angemwambia? Alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka mitatu nyuma, mwandiko wake ulimshinda karani wa chifu, na tangu amalize shule hakuna mtu aliyewahi kumwita mahali aketi kwenye kiti. Sasa alikuwa ofisini, chini ya feni, amepewa kalamu na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Mkubwa wao aliitwa Mugure, mwanamke wa Nyeri aliyesomea uchumi, mwepesi wa kucheka. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Kampuni moja ilitaka kujenga uwanja wa malori na mitambo kando ya Tarach, ule mto wa mchanga unaopita Kakuma, na wakubwa wakasema kwanza ijulikane ni kitu gani kitakachopotea.

"Serikali haimsikii mtu akisema mti ni muhimu," Mugure aliwaambia siku ya mafunzo. "Inasikia namba. Mti usio na namba, kwao ni kichaka tu. Sisi tunaenda kuupa mti sauti."

Akiru alilipenda hilo neno, sauti. Aliliandika daftarini akalipigia mstari mara mbili.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini, lakini lenye uzito lilikuwa la kumi na nne: Ungekubali kulipwa shilingi ngapi ili miti hii ikatwe? Chini yake kisanduku. "Hapo ni namba peke yake," Mugure akasisitiza. "Maneno, kompyuta haiyataki. Na atakayeniletea kisanduku kitupu atarudi Kakuma kwa miguu." Wote wakacheka, na Akiru akacheka kuliko wote, maana ndiye pekee aliyekuwa na kwao Kakuma.

Maana huko ndiko kulikokuwa na miti ya bibi yake. Kando ya Tarach, ukishika njia ya Lopur, bibi huyo, Nawoi, alikuwa na migunga thelathini na saba. Waturkana huita mahali kama hapo ekwar: miti ya ukingo wa mto yenye wenyewe, kizazi kimoja cha ukoo kinairithi kutoka kwa kingine. Haina ua, haina hati, na bado hakuna mtu asiyejua mpaka wake. Hukati tawi bila kuomba. Ukiomba, hunyimwi. Nawoi mwenyewe alizaliwa chini ya mmoja wa miti hiyo, na mgunga kwao ni ewoi, ndipo akapewa jina hilo. Mwaka uliotangulia, ukame ulipomaliza mifugo mpaka barabara ikanuka mizoga, mbuzi wake kumi na tisa walipona kwa kula maganda ya mbegu za miti hiyo. Wale kumi na tisa ndio maziwa, ndio karo ya wadogo zake Akiru wawili, ndio dawa mtu akiugua. Zaidi ya hao, nyumba ile haikuwa na kitu.

Akiru na Mugure walimkuta Nawoi akitikisa matawi kwa upembo, fimbo ndefu yenye kulabu. Ikawa kama kawaida: majani yakaanza tu kuchakarika, mbuzi waliokuwa mbali huko mchangani wakainua vichwa na kuja mbio, wakikanyagana. Mugure akafurahi, akawapiga picha.

"Ejok," akasalimu. Lilikuwa neno lake moja la Kiturkana na alilitamka kwa fahari.

"Ejok noi," Nawoi akajibu, kisha akamgeukia mjukuu wake kwa lugha yao. "Huyu mbona amekauka hivi? Huko kwao hawapiki?"

Hilo Akiru hakulitafsiri. Walipita maswali kumi na matatu vizuri, kivuli, asali, dawa, majani, mpaka wakafika pale. Akiru akalisoma swali la kumi na nne kwa Kiturkana, polepole. Nawoi akaacha kutafuna tumbaku.

"Nani amewaambia nauza?"

"Hakuna, ata," Akiru akasema, ndivyo wanavyomwita bibi. "Ni swali tu."

"Ni swali la mtu aliyekosa kazi ya kufanya. Mama yako alitembea mara ya kwanza hapa. Mwaka jana watu wa Lopur wakaja na mbuzi wao wamebaki mifupa, nikawaambia ingieni. Niliwadai nini? Sikuwadai kitu. Mwambie haina bei. Mwambie hakuna."

"Anasema nini?" Mugure akauliza.

Jua lilikuwa utosini na bado kulikuwa na nyumba saba siku hiyo. "Anasema haina bei, madam. Watu wakiomba anawapea bure."

"Bure?" Mugure akatazama saa yake. "Sasa kwa kisanduku tunaweka nini?"

Akiru akafikiri, na hapa ndipo mtu angetamani amshike mkono. Haina bei. Hauzi. Hakuna. Na hakuna, ukiigeuza namba, inakuwa nini? Akaandika 0. Aliichora vizuri, duara kamili, mwanzo umegusana na mwisho, akaiona kama zizi lililofungwa miiba pande zote. Hapiti mtu hapo. Mugure akatia alama ya vema pembeni, wakaondoka.

Wanawake wengine wa ukingo ule walisema yale yale, kila mmoja kwa ukali wake. Mmoja aliyeitwa Akal aliwafukuza kwa fimbo kabla hawajamaliza. Akiru akawa anaandika 0, na 0, na 0, kwa moyo mkunjufu kabisa, na jioni akawaeleza wenzake waliotoka sehemu nyingine: wakikataa kuuza, wekeni sifuri. Wakamshukuru. Opondo, mwalimu wa kutoka Kisumu aliyekuwa akihangaika na visanduku vyake vitupu, alimnunulia soda. Walipomaliza, sifuri zilikuwa arobaini na moja, na Akiru alirudi Lodwar akijua amebeba sauti za wanawake arobaini na moja waliosema hapana.

Mkutano ulikuwa Oktoba, katika ukumbi wa Lodwar. Walikuja watu wa kampuni, watu wa ofisi za serikali, chifu na kofia yake. Mambo yote kwa Kiingereza. Mugure akawasha projekta na jedwali likatokea ukutani. Mchanga wa mto, kwa kuwa wenye malori huununua: milioni mbili na nusu. Mathenge, kile kichaka cha miiba kinacholaaniwa na kila mfugaji, kinachoozesha mbuzi meno, kwa kuwa huchomwa makaa: laki nane. Halafu mstari wa mwisho, migunga ya ekwar. Sifuri.

Akiru akakaa wima. Aliisubiri ile sifuri ielezwe, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Bwana mmoja wa kampuni akainua mkono. Je, ni sahihi basi kusema kwamba miti hii haina thamani kwa wenyeji? Mugure akafunua karatasi zake, akafunua tena. Kwa mujibu wa wenyeji wenyewe, akasema, ndivyo inavyoonekana.

"Hapana!" Akiru alikuwa amesimama hata hajui amesimama saa ngapi. Kiingereza kikamkimbia chote. "Hiyo sifuri ni kukataa! Walikataa! Mimi ndiye niliandika!"

Watu wakageuka. Mmoja akacheka, si kwa ubaya, vile mtu anavyomcheka mtoto. Mwenyekiti akamwambia asante, tumekusikia, na jedwali likabadilishwa. Hawakumsikia hata kidogo, wale.

Mugure alimkuta nje, ukutani. Kicheko chake chote kilikuwa kimekwisha. "Akiru, anayekataa ana alama yake. Tunaandika tisa tatu. Mia tisa tisini na tisa. Sifuri ni mtu anayesema miti ikatwe, yeye hahitaji chochote."

"Hukutufundisha hiyo, madam."

"Sikuwafundisha," Mugure akasema. Kisha akamshika bega. "Na sasa siwezi kwenda kwao na tisa tatu, watasema tumebadilisha majibu baada ya kuona matokeo. Lakini niletee namba. Mwambie nyanya yako aseme namba, kubwa, ya maana, aweke kidole. Ijumaa ripoti inaenda Nairobi. Nikipata namba nitaifungua tena."

Akiru alifika Kakuma Jumatano. Alimweleza Nawoi kila kitu, bila kujificha, mpaka lile duara aliloona ni zizi. Bibi alisikiliza huku akimkamua mbuzi, na hakumkemea. Heri angemkemea.

"Sasa wanataka nini?"

"Namba, ata. Sema yoyote. Sema milioni kumi."

"Nikisema milioni kumi, wataacha miti?"

"Wataona ina thamani."

"Nimekuuliza wataiacha?"

Akiru akatoa fomu mpya, akaikunjua.

"Sikiliza, wewe uliyesoma. Nikisema hakuna, wanakata kwa sababu haina kitu. Nikisema namba, siku moja watakuja na hiyo namba kwenye mfuko, waniambie shika, ulisema mwenyewe. Halafu nitawaambia nini siku hiyo?" Akamwachilia mbuzi. "Wewe niambie nitasema nini, na mimi nitakutajia namba sasa hivi."

Akiru alikaa pale na fomu mpya mapajani mpaka kalamu ikamteleza kwa jasho. Alifikiria kuandika mwenyewe. Milioni kumi ni sifuri saba na kale ka-moja mbele, nani angejua? Lakini kidole ni cha Nawoi, na Nawoi alikuwa ameshikilia kibuyu cha maziwa kwa mikono yote miwili na hakukiweka chini. Ijumaa ikaja ikapita.

Baada ya hapo Akiru aligonga kila mlango. Mugure alikuwa amemaliza mkataba wake na kurudi Nairobi; alipokea simu mara mbili, akaomba msamaha mara mbili, mara ya tatu simu haikupokelewa. Ofisi ya Lodwar ilimwambia alete malalamiko kwa maandishi, akaleta, wakapiga muhuri. Chifu alimwambia asubiri uchaguzi upite, kaunti ije, magavana waje, kila kitu kitaangaliwa upya. Ilikuwa Februari 2013 na kila ukuta wa Kakuma ulikuwa na sura ya mtu anayecheka akiomba kura. Uchaguzi ulikuwa wa mwezi wa tatu. Misumeno haikungoja uchaguzi.

Ilikuja asubuhi, mitatu, ya petroli. Msimamizi wake aliitwa Levis, kijana mwenye adabu zake. Alivua kofia, akamwamkia Nawoi, akampa barua. Ilikuwa ya Kiingereza. Akiru aliisoma akafika mahali palipoandikwa jina la bibi yake, idadi ya miti, thelathini na saba, na fidia. Pale palikuwa na kisanduku, na ndani yake sifuri imepigwa chapa, nzuri, duara kamili.

"Aweke kidole tu, kuonyesha amepokea," Levis akasema.

Nawoi hakuweka. Levis akaandika kwamba amekataa, akainua mkono, na misumeno ikanguruma.

Ilikuwa majira ya maganda, miti imejaa. Mgunga wa kwanza ulipotikisika, maganda yakaanza kumwagika kwa maelfu, yakilia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Na mbuzi wakasikia. Wale kumi na tisa, na wengine wa Akal, na wengine ambao Akiru hakuwajua ni wa nani, wakaja mbio kutoka mchangani, shingo zimenyooka, vile walivyofunzwa maisha yao yote kwamba mti ukitikiswa ni wao wanaitwa. Wafanyakazi wakawafukuza kwa mawe wasije wakaangukiwa. Wakarudi. Mti ukalala chini, nao wakapanda juu ya matawi yake wakala, mikia ikichezacheza. Hawakuwa wameshiba hivyo tangu kabla ya ukame. Akiru alilia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wanaume wale wote.

Saa saba walikuwa wameangusha ishirini na miwili. Levis akazima msumeno wake, akajifuta jasho, akamwendea Nawoi aliyekuwa amesimama palepale tangu asubuhi na shuka lake jipya. Huruma ilimshika, kijana wa watu, akatafuta kitu cha kumpa.

"Nyanya, hizi kuni chukueni zote," akasema, akionyesha yale magogo kwa kofia. "Sisi hatuzitaki. Ni bure."

Nawoi akamgeukia mjukuu wake. "Anasema nini?"

Akiru alilitafuta lile neno kwa Kiturkana, akalizunguka, akatafuta lingine. Hakulipata lingine ila lile alilolisema bibi yake mwenyewe.

"Anasema hazina bei, ata."

Nawoi akaokota upembo wake mchangani, akaenda kumwondoa mwanambuzi aliyekuwa amesimama karibu sana na msumeno.