Picha Mbili za Mikayi

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza Port Victoria kuingia ile mashine ya Nairobi inayotafuta saratani mwilini, na sikuogopa hata chembe. Nilimng'ata nesi, ndiyo, lakini damu haikuwa nyingi.

Saratani yangu ni ya tezi za limfu. Picha ya kwanza, kabla ya dawa, iliwaka shingoni, kwapani na kifuani kama ziwa wavuvi wa omena wakiwasha taa. Kisha nikatundikiwa dripu sita hapa Kisumu, nywele zikaisha, nikarudishwa Nairobi kupigwa ya pili.

Miezi hiyo yote nililala mtaani Obunga kwa Akinyi, mke mwenzangu, aliyeingia kwa mume wetu, marehemu Ondiek, na kiuno chembamba na adabu nyembamba zaidi. Mwanangu Ogola alimsihi anipokee. Akakubali kwa sharti alilonitangazia mlangoni:

"Mikayi, siku mashine itasema umepona, siku hiyo hiyo unabeba godoro lako."

Mikayi, kwetu Wajaluo, ni mke wa kwanza. Akinyi hulitamka neno hilo kama anatema mwiba wa samaki.

Lakini niambie: Akinyi ananichotea maji, ananikorogea uji, ananisugua mgongo huku akinilaani. Miaka thelathini nimeomba kitu kama hicho. Ningekiachaje?

Jumanne nikarudi na bahasha. Hakunisalimu.

"Imesema nini?"

Nikainua picha ya pili dirishani. "Bado, Akinyi. Tazama. Kichwani inawaka. Huku chini ya tumbo inawaka. Daktari alitikisa kichwa tu."

"Shingoni hakuna kitu."

"Imehama. Ugonjwa nao una miguu. Maji yangu ya kuoga yako wapi?"

"Mchawi wewe! Hata kufa unachelewa."

"Nani afe na uji wako haujaiva?"

Akaninyang'anya bahasha, akatoka. Nilidhani anaenda kuitupa mtaroni. Kumbe alimwendea Valarie, jirani anayefanya kazi chumba cha eksirei. Wakarudi wote wawili, Valarie ameshika picha na barua ya daktari.

"Mama Ogola, nani alikuambia huu ni ugonjwa?"

"Daktari."

"Ile dawa wanayokudunga kabla ya picha ni kama sukari. Ubongo wa kila mtu unaila, ndiyo maana unawaka. Na huku chini ni kibofu, dawa inatoka na mkojo. Hata mimi ningewaka hivi hivi. Saratani haionekani popote."

Akinyi alinitazama kama nzi kwenye chai. "Labda daktari hakumweleza," akasema polepole.

"Hakunieleza!" nikadakia. "Kale kajamaa kalikuwa na haraka. Mimi ni wa darasa la sita, ningejuaje?"

Valarie akafunua barua, midomo ikimcheza.

"Ameandika hapa: 'Mgonjwa ameelezwa kwa Kiswahili kwamba ugonjwa hauonekani tena. Ameomba, mara mbili, mke mwenzake asiambiwe.'"